Siku Mwisho Leo Alipozima Muziki

Mji ule ulikuwa na sauti moja iliyojulikana kuliko ya mtangazaji yeyote wa redio. Ilikuwa ya mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwanya mzuri wa meno ya mbele, aliyeshinda kutwa ndani ya gari la matangazo na kipaza sauti mkononi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Mwisho Leo, naye aliitika bila kununa, maana hilo ndilo neno alilolisema mara nyingi kuliko hata salamu.

"Mwisho leo, jamani, mwisho leo! Magodoro nusu bei, mwisho leo! Kesho usije ukalia, mwisho leo!"

Kesho yake magodoro yalikuwapo, nusu bei ilikuwapo, na Mwisho Leo mwenyewe alikuwapo, anapita mtaa uleule akisema yaleyale, hana hata chembe ya haya.

Tusimwite mwongo. Mwongo husema ili uumie. Huyu alisema ili ununue, na kama godoro lilikuwa zuri hukuumia. Alipiga chuku, basi. Ukimlaumu kwamba anatia chumvi mno, alikuuliza wewe mwenyewe chakula bila chumvi unakilaje. Kabla ya kupanda gari alikuwa muuza ndoo sokoni. Ndoo zake zilikuwa kama za wenzake, za plastiki, rangi ileile, kishikio kilekile kinachochomoka, lakini zake ziliisha kabla jua halijawa kali, kwa sababu ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni. Mwenye gari la matangazo alipita siku moja, akasimama kumsikiliza, akanunua ndoo mbili asizozihitaji, na alipofika nyumbani ndipo akili ikamrudia. Kesho yake akarudi kumwajiri.

Gari lenyewe lilikuwa zee, limefungwa spika mbili za mdomo mpana juu ya paa, na dereva wake alikuwa mdogo wa mume wa Mwisho Leo. Wao kwa wao waliitana Shemeji, na mji mzima nao ukamwita Shemeji, hata wazee ambao hawakuwa na binti wa kumwoza. Shemeji alipenda muziki kuliko usukani. Utaratibu wao haukubadilika tangu siku ya kwanza: muziki kwanza, tena wimbo mmoja tu wa gitaa jepesi, muziki ushushwe, Mwisho Leo aseme, muziki upandishwe, gari lisogee. Watoto wakiusikia walichomoka majumbani wakalifuata gari wakicheza mpaka mwisho wa mtaa. Mama zao nao walitoka, mikono bado ina povu la sabuni, kuuliza leo kuna nini na bei gani. Kazi ilikwenda vizuri. Biashara matangazo, wahenga hawakukosea.

Mtu mmoja tu katika mji ule alikuwa hajawahi kununua kitu kwa sauti ya Mwisho Leo, na huyo ndiye aliyemlea. Alikuwa mdogo wa marehemu mama yake, fundi cherehani, mkazi wa bondeni, mtaa wa chini kabisa, pale ambapo usiku unasikia mto ukipita. Mwisho Leo alimwita Mama Mdogo, na majirani nao wakafuata. Alishona sare za shule, na hakuna mtoto wa bondeni ambaye hakuwahi kusimama mbele yake mikono juu akipimwa kiuno. Maneno yake yalikuwa machache. Akikuambia suruali itakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa ulikwenda kuichukua, na akikuambia kitambaa hakitoshi, hakitoshi.

"Mimi nakupenda wewe, mwanangu," alikuwa akimwambia Mwisho Leo, pini kati ya midomo. "Gari lako ndilo sielewani nalo."

Mwisho Leo alicheka kila aliposikia hivyo, na kila mara ilimkera kidogo.

Mwaka huo mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Juu ya mji kulikuwa na bwawa lililojengwa zamani kwa ajili ya kiwanda. Kiwanda kilikufa, bwawa likabaki. Asubuhi moja, Shemeji akiwa anafuta ukungu kwenye kioo cha gari, Afisa wa Maafa alikuja kwao kwa pikipiki. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, na ofisi yake nzima ilikuwa yeye, karani mmoja na pikipiki hiyo. Buti zake za mpira zilikuwa tope tupu na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bwawa limejaa mpaka mdomoni," alisema. "Litafunguliwa leo saa kumi alasiri. Watu wa bondeni wote wawe wametoka kabla ya hapo, waende shule ya juu. Redioni nimepeleka taarifa, kwenye simu nimetuma ujumbe. Lakini nani anasikiliza redio katika mvua hii? Wewe wanakusikia hata wakiziba masikio."

Akampa karatasi ya kusoma. Mwisho Leo aliisoma kwa sauti pale pale, ili mdomo uizoee: "Kufuatia kuongezeka kwa kina cha maji, wananchi waishio katika maeneo hatarishi wanashauriwa kuchukua tahadhari stahiki." Akageuza upande wa pili. Hakukuwa na kitu.

"Afisa, mbona haisemi watoke? Haisemi saa kumi, haisemi shule."

"Nilipoiandika ilisema," alijibu, na uso ukamsinyaa. "Imepita kwa wakubwa. Kila mkubwa kapunguza neno, asije akalaumiwa."

"Basi niachie mimi," Mwisho Leo akasema, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Haya maneno yako hayana chumvi. Nitayaunga."

Afisa alimshukuru, akamwachia namba yake ya simu, akarudi mbio bwawani. Kama angejua neno lile la kuunga litazaa nini, angepanda gari akae naye. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa bwawani na bondeni.

Wakateremka bondeni. Shemeji, kwa mkono uliozoea na kichwa kilichokuwa kinafikiria tairi la nyuma, akawasha muziki. Gitaa likalia. Mwisho Leo akakohoa, akasogeza kipaza sauti mdomoni, na ile sauti yake ya sokoni ikatoka yenyewe, tamu, ya kupanda na kushuka.

"Maji, jamani, maji! Maji yanakuja! Maji ambayo mji huu haujapata kuyaona! Baba ondoka, mama ondoka, twende zetu shule ya juu! Usisubiri kesho, mwisho leo!"

Lilimtoka kabla hajalizuia. Mtaa mzima ukaangua kicheko. Watoto walikuwa wamekwishachomoka na sasa wanacheza nyuma ya gari, matope yanaruka. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni, ndoo kiunoni, akapaza sauti: "Hayo maji mnauza bei gani, Mwisho Leo?" Naye fundi baiskeli, aliyekuwa amechuchumaa chini ya turubai lake na gurudumu magotini, hakutaka kupitwa. "Ni ya nusu bei hayo! Mwache aende, jioni atarudi nayo!"

Mwisho Leo naye akacheka. Ndiyo, alicheka, kwa sababu kwa miaka mingi kicheko cha mtaa kilikuwa dalili kwamba kazi inakwenda. Wakaingia mtaa wa pili, wakaingia wa tatu, muziki juu, muziki chini. Ndipo alipotazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yao hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebeba mfuko. Hapakuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli. Palikuwa na watoto wanacheza, na nyuma ya watoto, mto. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo na yalikuwa tayari yanalamba mbao za daraja la miguu, wakati bwawa lilikuwa halijafunguliwa hata tundu.

Mwisho Leo akaacha kucheka. Mwenye kelele hana neno, watu husema, na leo alikuwa na neno, tena kubwa, lakini kelele zake za miaka yote zilikuwa zimesimama mlangoni zinalizuia lisiingie.

"Zima muziki," akasema.

"Eti?"

"Zima, Shemeji! Zima kabisa!"

Shemeji alizima. Gari likasimama katikati ya mtaa wa chini kabisa, injini kimya, spika kimya, na kimya hicho kikafanya kitu ambacho gitaa halikufanya: watu wakaacha kucheka wakatoka nje kutazama gari limeharibika wapi. Mwisho Leo alikuwa ameshateremka. Alikuwa anakwenda nyumba ya pembeni yenye kibaraza cha saruji, ambako Mama Mdogo alisimama mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mama, twende. Chukua nguo zako upande gari, nikupeleke shule ya juu."

"Kwa nini?"

"Umenisikia nikitangaza."

"Nimesikia muziki," Mama Mdogo alisema. "Na nimesikia mwisho leo."

"Mama, si mzaha huu. Watafungua bwawa."

Mama Mdogo aliangalia nyuma ya bega la Mwisho Leo. Majirani walikuwa wanasogea kidogo kidogo, fundi baiskeli akiwa na gurudumu lake mkononi, yule mwanamke wa ndoo, vijana wawili waliokuwa wakicheza karata. Wote walikuwa wanamtazama yeye, si Mwisho Leo.

"Unaona hao?" alisema kwa sauti ya chini. "Wanangoja waone mimi nafanya nini. Wanajua kwamba kama ni kweli utakuja kunichukua. Sasa ukinitoa kimyakimya hivi, kesho watasema Mwisho Leo kaokoa wake, sisi alituchezea gitaa. Na watakuwa wamesema kweli."

"Sasa nifanye nini, mama? Nimewaambia! Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Usiwatukane watu kwa kutokuamini ulichowafundisha wasiamini." Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana liliuma. "Unataka niondoke? Nina maswali. Ongea na mimi kama mtu, si kama gari."

Mwisho Leo akarudi garini, akachukua kipaza sauti na waya wake wote, akauvuta mpaka kwenye kibaraza. Akakishika kati yao wawili, kama mtu anayegawana muhogo na mwenzake.

"Uliza, mama. Uliza wote wasikie."

Mama Mdogo aliinamia kile kidude kwa mashaka. Sauti yake, kavu na ya polepole, ilitoka juu ya paa ikaenea mtaa mzima, na yeye mwenyewe akashtuka kidogo.

"Nani kasema maji yanakuja?"

"Afisa wa Maafa. Kaja kwangu asubuhi."

"Wewe mwenyewe umekwenda bwawani ukayaona?"

Ulimi wa Mwisho Leo ulikuwa na majibu kumi mazuri. Akayameza yote. "Hapana. Sijaenda."

"Yatafika mpaka wapi?"

"Sijui."

Mnong'ono ukapita kwa watu. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye gari lile, hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwenye kipaza sauti kwamba hajui jambo. Fundi baiskeli aliweka gurudumu chini.

"Basi nani anajua?" Mama Mdogo aliuliza.

"Tumuulize mwenyewe."

Akapiga simu, akaibana kwenye kipaza sauti. Iliita kwa muda mrefu. Kisha upepo ukasikika, na mngurumo wa maji nyuma yake, na sauti ya Afisa. Mwisho Leo alimweleza kwa maneno machache: yupo bondeni, watu wote wanasikia, kuna mama ana maswali.

"Ndiyo, asante, wananchi, kufuatia kuongezeka kwa..." Afisa alianza.

"Baba," Mama Mdogo alimkatiza kwa upole, "hapa tupo wachovu na tumelowa. Tuambie kama unamwambia mama yako."

Afisa akaacha maneno ya karatasi. Sasa ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyechoka.

"Mama, tunafungua saa kumi. Tusipofungua, ukuta unaweza kuvunjika, na ukivunjika hakuna atakayewahi kukimbia. Tukifungua, maji yatakuwa hapo ulipo kabla mtu hajakwenda sokoni na kurudi. Yatapanda kiasi gani, hatujui. Yanaweza kuishia magotini, yanaweza kufika madirishani. Mto umejaa mchanga, hesabu zetu za zamani hazitusaidii. Sijui, mama. Na kwa sababu sijui, nakuomba usiwepo."

"Na nikitoka, halafu yaishie magotini?"

"Utarudi nyumbani, utanitafuta, utanitukana. Nitakaa nisikilize mpaka umalize."

Watu wakacheka, lakini hiki hakikuwa kile kicheko cha asubuhi. Mwanamke wa ndoo alikuwa ameshaingia ndani na alisikika akiwaita watoto wake mmoja mmoja. Mama Mdogo alimgeukia mwanawe wa kumlea.

"Na wewe? Unaogopa?"

Swali hilo Mwisho Leo hakulitegemea. Alifungua mdomo kusema tusiwe na hofu jamani, kama wanavyosema watangazaji wote, na hakuweza.

"Naogopa, mama," alisema. "Naogopa sana. Nimekuja hapa nacheka kwa sababu sijui kutangaza bila kucheka. Lakini nimeona mto ulivyo, na naogopa nitakupoteza."

Sauti ilimkatikia mwishoni, na spika mbili za juu ya paa zikakipeleka kilio hicho mpaka mtaa wa tatu, ambako watu waliokuwa bado wanachambua mchele wao walinyanyua vichwa. Hakuna aliyetafuta muziki.

Mama Mdogo akautoa ule utepe shingoni, akauviringisha kidoleni taratibu kama afanyavyo kila akifunga kazi, akautia mfukoni. "Haya," akasema. "Nani atanibebea cherehani?"

Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kupanda kibarazani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, ingawa si kwa mstari. Maswali yalikuwa mengi na Mwisho Leo aliyajibu moja moja, lile alilolijua akalisema, lile asilolijua akampigia Afisa. Mbuzi? Waende nao. Nani atalinda vyombo? Vijana wa karata walijitolea kukaa juu kwenye kona ya kiwanda, pasipofikiwa na maji, wakitazama njia zote mbili. Kwa nini wasipite darajani, ni karibu? Kwa sababu daraja linalambwa, piteni njia ya kiwanda. Alilirudia hilo polepole, kwa maneno yaleyale, bila kulipamba: njia ya kiwanda, shule ya juu, kabla ya saa kumi, chukueni dawa na vitambulisho. "Kama nyumbani kwenu kuna mtu asiyeweza kutembea, mniambie mlango upi. Gari hili litakuja." Shemeji, ambaye maisha yake yote hakubeba kitu kizito kuliko betri, alibeba wazee mgongoni mpaka akawa anatembea kama wao.

Katikati ya hayo kijana mmoja alikuja mbio kutoka juu akipiga kelele kwamba ukuta umeshavunjika. Safu ya watu kwenye njia ya kiwanda ikayumba, wakaanza kusukumana, mtoto mmoja akaanguka. Mwisho Leo hakupaza sauti. "Ngojeni. Namuuliza." Akapiga, akasikiliza. "Nimeongea na Afisa sasa hivi, amesimama juu ya ukuta wenyewe. Haujavunjika. Tembeeni, msikimbie, muda bado upo." Watu wakainuana wakaendelea. Yule kijana, aliyeambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu, alipewa mbuzi wawili awaburute ili awe na la kufanya.

Saa kumi ilipofika bondeni hapakuwa na mtu.

Kule shuleni watu walijaa madarasani, wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni. Mwisho Leo aliwaahidi jambo moja: kila kengele ya shule itakapogongwa atakuja kuwaambia anachojua. Mlinzi wa shule akagonga kengele, yeye akaja. "Wamefungua. Maji yameingia mtaa wa chini. Yapo magotini." Kengele, akaja. "Yamefika vibarazani." Kengele tena, akasimama mlangoni akasema, "Sina jipya. Afisa hajapokea simu. Nitarudi kengele ijayo." Akaondoka.

Shemeji alimfuata ukumbini. "Shemeji, toka lini mtu akatangaza kwamba hana la kutangaza?"

"Toka leo."

"Mzoea udalali duka haliwezi, walisema. Wewe umeliweza." Hakuwa anamtania, au alikuwa anamtania kidogo tu. Ndani, watu walikuwa wameanza kujilaza. Walijua kengele itagongwa na walijua atakuja, akiwa na neno au hana, na hilo liliwatosha kufumba macho.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Afisa alikuja na buti zake, akamchukua Mwisho Leo, wakateremka pamoja mpaka maji yalipowaruhusu kufika, wakatazama kila mtaa. Hawakusema mengi njiani. Wakati wa kurudi Afisa aliuliza, "Niwaambie mimi?"

"Hapana. Wamenizoea mimi. Wewe simama karibu, wakiuliza lini wanarudi ni lako."

Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani, juani, nguo zao zimetandazwa kwenye ua wa shule. Shemeji aliegesha gari, akachomeka kipaza sauti, akaenda kukaa mbali na kitufe cha muziki. Mama Mdogo alikuwa mbele, amekaa juu ya sanduku la cherehani yake kwa kuwa viti vilitolewa kwa wazee zaidi. Mwisho Leo alipomwona, ule ulimi wa zamani ukaanza kumnong'oneza. Ungeweza kusema baadhi ya nyumba. Ungeweza kusema uharibifu kidogo. Ungeweza kuanzia mtaa mwingine, mtaa wake ukauacha mpaka mwisho, ukamwambia pembeni, taratibu, umemshika mkono. Akaukatalia.

"Nyote mliotoka bondeni mpo hapa," alisema. "Tumewahesabu mara mbili. Hakuna aliyekufa, na hakuna anayetafutwa. Hilo kwanza."

Mahali pengi mtu angeshangilia. Pale watu walishusha pumzi tu, mtaa mzima kwa pamoja, na mwanamke wa ndoo akamvuta mtoto wake wa mwisho magotini akamkumbatia mpaka akalalamika.

"Maji yalifika madirishani. Nyumba nyingi zimesimama, nyingine zimeanguka. Nimeziona kwa macho yangu, mara hii. Nitazitaja zote, nyumba kwa nyumba, nianze na ya kwetu." Akamtazama Mama Mdogo, na hakuhamisha macho. "Nyumba ya Mama Mdogo wangu imeanguka. Kuta zote. Kilichobaki ni kibaraza."

Mama Mdogo alikaa vilevile. Mkono wake ulipapasa sanduku alilokalia, kona yake, kufuli yake, kama mtu anayehakikisha kitu kipo. Aliyekuwa jirani yake akamshika bega. Akajifuta uso kwa upindo wa nguo, mara moja, kisha akainua kichwa.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Endelea. Wenzangu wanasubiri."

Mwisho Leo alivuta pumzi.

"Inayofuata ni ya fundi baiskeli," akasema. "Imesimama. Mlango umechukuliwa na maji, lakini imesimama."